Wageni Walioingia kwa Jina Langu

Katika kata yote ya Kumsenga hakuna mwanamke wa rika langu mwenye miguu imara kama yangu. Nimepanda milima ile na mzigo wa mihogo kichwani na mtoto mgongoni, mvua inanyesha, udongo unateleza kama sabuni, na sikuwahi kugusa chini hata kwa goti. Mguu nilivunja nikiwa nimekaa.

Nilikuwa juu ya kigoda, napukuchua maharage na kumsikiliza jirani akimsema jirani mwingine. Habari ikanoga. Nikainama mbele nisipitwe na neno, kigoda kikapinduka, kitu kikalia ka! Nikadhani ni kigoda. Kigoda mpaka leo ni kizima, watu wanakikalia.

Hospitali ya Kibondo walinipiga picha, wakaitazama kwenye mwanga, wakasema, "Bibi, ni mfupa wa paja huu, na daktari wa mifupa yuko Kasulu." Nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa pamoja na binti wa kaka yangu. Alikaa nami siku za mwanzo, akanisafisha, akanilisha. Kisha akapigiwa simu kwamba maharage yake yamekomaa, na maharage yakikomaa hayamsubiri mtu. Akaniachia ndoo, kikombe, mche wa sabuni na simu ya kubonyeza. "Shangazi, nikimaliza kuvuna narudi." Nikamwambia aende. Ningesema nini? Mimi mwenyewe nilivunjikia kwenye maharage.

Mguu ukafungwa kamba. Kamba ikapita juu ya gurudumu dogo lililokuwa miguuni pa kitanda, na mwisho wake yakaning'inizwa mawe ya chuma ili yauvute mfupa urudi mahali pake. Sikuweza kujigeuza wala kushuka. Nilikuwa kama nyama iliyotundikwa buchani, mzani umeshatulia, lakini mteja hatokei.

Wodi ile ilikuwa ya wanawake, vitanda vimepangwa huku na huku, na kila kitanda kimepewa kiti kimoja cha plastiki kwa ajili ya mgeni. Kiti changu kilitembea kuliko mimi. Kengele ya kuona wagonjwa ikilia tu, anakuja mtu: "Samahani bibi, kiti hiki kina mwenyewe?" Namwambia, "Chukua, mwanangu yuko njiani, akifika atakirudisha." Mwanangu Nickson alikuwa Kahama.

Kitanda cha mlangoni alilala mwanamke mmoja, Ndayikeza, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nduta. Naye hakuwa na mgeni. Watu wake walihitaji kibali ili watoke kambini. Wangu hawakuhitaji kibali cha mtu yeyote.

Sasa niwaeleze wageni wa huku walivyo, maana asiyewajua atadhani natia chumvi. Kwetu Buha kumwona mgonjwa si hiari ya mtu. Usipokwenda, utasemwa mpaka siku utakapougua wewe. Na hawaji mmoja mmoja. Inakuja jumuiya, inakuja kwaya, wanakuja wanawake wa kikundi na sare zao, wanakuja wa msikitini, anakuja fundi aliyemshonea mgonjwa gauni mwaka juzi. Mgonjwa naye ana wajibu wake: aeleze. Lilianzaje, likauma wapi kwanza, ulikunywa nini, nani alikuleta. Ukimaliza, wanaingia wengine, unaanza upya. Na ole wake anayefumba macho mbele ya wageni. Wanarudi mjini wakisema anajidai.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa kitupu mpaka alipoletwa Anifa, mama Twalibu. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye duka la vitenge na mumewe Mansuri pale Kasulu mjini. Alikuwa na rovu shingoni, akaja kupasuliwa. Mpole, sauti ndogo, kitenge kizuri. Siku ya kwanza nikamwonea wivu kwa kitenge. Siku ya pili nikamwonea huruma.

Mwanamke wa duka anajulikana na mji mzima. Kengele ikilia walimwagika ndani kama maji ya bomba lililopasuka. Wanakaa kitandani kwake, juu ya shuka, juu ya miguu yake. Wanafungua mabakuli, kisamvu cha mawese, ugali wa muhogo, samaki wa migebuka wa kukaanga. "Kula, mama Twalibu." "Hujala, mama Twalibu." "Hebu tuone shingo." Naye anainuka, anafunua mtandio, anaanza: "Lilianza kama punje ya maharage, sikulijali..." Niliisikia hiyo punje ya maharage mpaka nikawa naota naipukuchua.

Na kwa kuwa si adabu kumpa pole mgonjwa mmoja ukamruka wa pembeni, wakati wa kutoka walinirushia na mimi pole. "Na wewe bibi, pole." Walisema hivyo huku wanatembea, jicho liko mlangoni. Pole za kupita. Nilizipokea zote. Mwenye njaa hachagui... basi, niseme tu nilikuwa na njaa nazo.

Muuguzi wetu alikuwa kijana wa Njombe, Anania, aliyepangiwa kazi huku akaja na sweta akidhani atalirudisha, akakuta baridi ya kwetu inamtosha. Anania ndiye aliyegundua. Asubuhi akimpima Anifa, presha nzuri. Wageni wa mchana wakiondoka, imepanda. Wa jioni wakiondoka, imepanda zaidi.

"Jamani, muda umekwisha!" alikuwa anapiga kelele. "Mgonjwa apumzike!"

"Ndiyo, mwanangu, tunatoka," wanamjibu kwa heshima zote, na hakuna anayeinua kisigino.

Angewafanya nini? Ni mgeni wa huku, na wale ni mama zake kwa umri.

Daktari Khatibu, mtu wa Tanga, akaja asubuhi moja akasimama kati ya kitanda changu na cha Anifa. "Mama Twalibu," akasema, "wiki iliyopita nilikuahirisha. Leo nakuahirisha tena. Kwa presha hii sikuingizi chumba cha upasuaji. Unahitaji kulala. Wiki ijayo ikiwa hivi hivi, nitakuandikia uende Mwanza, wao wana vifaa zaidi."

Alipoondoka, Anifa akajifunika mtandio uso mzima. Nikasikia analia.

"Mama Twalibu. Mwanza si Ulaya."

"Mwanza nina nani mimi, bibi? Mansuri hawezi kufunga duka. Nitalala kule sijui mtu, hakuna wa kunishikia kikombe, niwe kama..." Akakatisha.

"Kama mimi," nikamalizia.

"Sikusema hivyo, bibi."

"Hukusema. Umelikata tu kabla halijatoka."

Akaona haya. Nami nikacheka ili asione haya zaidi, lakini jamani, liliniingia. Kumbe kuna mtu anayelia kwa kuogopa kuwa mimi.

Siku hizo hizo uongozi wa hospitali ukaweka utaratibu mpya. Kila mgonjwa aonwe na watu wawili kwa wakati mmoja, basi. Mlinzi wa getini, Bazilio, akapewa kazi ya kumwuliza kila anayeingia: unamwona nani? Nikasema sasa Anifa atapumua. Kengele ikalia, na wakaingia wale wale, wengi vile vile, na mabakuli yao.

Jioni Anania akaja kukagua kamba yangu, anatabasamu. "Bibi Ernesta, kumbe una ukoo mkubwa namna hii! Bazilio anasema leo ndugu zako wamempita mpaka wamemkanyaga."

"Ndugu zangu?"

"Ndiyo. Wengi wanasema, tumekuja kumwona yule bibi wa mguu."

Nikageuza shingo nikatafuta kiti changu. Kilikuwa kando ya kitanda cha Anifa, kimekaliwa na mama mmoja mnene aliyechelewa kutoka, anachambua samaki.

Ndipo nikaelewa. Nafasi za Anifa zikijaa, wanaobaki wanatumia jina langu, na kwa msukumano ule Bazilio hawezi kuhesabu. Akishtuka, wanatumia la Ndayikeza. Maskini Ndayikeza, alikuwa anapokea ujumbe mzima wa msikitini na hana habari. Kule getini mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa mwenye wageni kuliko wote. Huku ndani kiti changu hakijawahi kukaa upande wangu.

Sikukasirika. Niliwaza tu, na mtu aliyetundikwa mguu ana nafasi ya kuwaza. Asubuhi, baada ya uji, nikamwita jirani yangu.

"Mama Twalibu, wageni wakija leo, wewe lala."

"Nilale vipi, bibi? Watasema najidai."

"Anayefumba macho akiwa macho ndiye anayejidai. Aliyelala kweli hana kosa. Geukia ukutani, jifunike khanga mpaka kichwani. Niachie mimi."

"Watakaa wanisubiri niamke."

"Hawatakaa. Wewe unauza vitenge, hujui wageni. Mgeni hataki kukuona. Anataka ijulikane alikuja. Akipata mtu wa kumshuhudia, ameshamaliza."

Akanitazama kwa mashaka, lakini Mwanza ilikuwa nyuma yake inamsukuma. Akageukia ukutani.

Kengele ikalia. Wakaingia na mabakuli. Nikawaacha wajae, halafu nikainua sauti, ile sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde.

"Nani kati yenu ameingia kwa jina langu?"

Mikono ikaganda juu ya mabakuli. Hata mawe yangu ya chuma yaliacha kuyumba, naweza kusema.

"Bazilio ameniambia. Mmekuja kumwona bibi wa mguu. Haya, mguu huu hapa. Bibi huyu hapa. Anayekalia kiti changu akilete kwangu, na wengine mje huku huku."

Yule mama mnene, ndiye mama Abdalah wa Murubona, akashika mdomo. "Bibi jamani, tulikuja kumwona mama Twalibu."

"Mmemwona, si huyo? Bado ana kichwa na miguu. Amelala, kwa amri ya daktari. Ila habari zake zote ninazo mimi. Anayetaka asogee, na asogee kimya."

Wakatazamana. Mmoja akacheka. Mama Abdalah akanyanyua kiti, akakileta. Mara ya kwanza tangu niingie wodi ile, kiti changu kikakaa upande wangu, na juu yake mtu, na mtu mwenyewe ananitazama mimi.

"Lilianzaje, bibi?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Lilianza," nikasema, "kama punje ya maharage."

Na nilieleza. Anifa alikuwa analieleza rovu lake kama anasoma risiti. Mimi nikaliwekea chumvi. Kwa wageni wa mchana lilikuwa kama yai. Kwa wale wa jioni limefika limau. Mwisho wa wiki lilikuwa papai, tena lililoiva, na usiku ukitega sikio unalisikia linahema. Kuna waliotoka mle ndani wanapapasa shingo zao. Kuna walioondoka wakaleta na wenzao wasikie. Mama Abdalah alikuja kila siku, na kila siku aliuliza upya, ingawa sehemu za mwanzo alikuwa anazijua kuliko mimi.

Wakati wa kutoka, kila mmoja aliinama sikioni pangu. "Utamwambia nilikuja?"

"Nitamwambia."

"Mwambie uji wa chupa nimeleta mimi, si wifi yake. Wifi yake amebeba tu."

"Nitamwambia alibeba tu."

Na Anifa alilala. Si usingizi wa kuigiza. Mwanamke wa duka hajawahi kulala mchana tangu aolewe, na mwili wake ulikuwa unadai madeni ya miaka. Alikuwa anaamka wameshaondoka, wodi imebaki na harufu ya mawese na viti vimekaa ovyo, na mimi namsomea majina kutoka kichwani: fulani alikuja, fulani anakusalimu, fulani amelia, mwingine amejilazimisha kulia. Anacheka polepole huku ameshika shingo. Mabakuli tunagawana, na jingine tunampelekea Ndayikeza. Anania akija kupima presha anatikisa kichwa, anapima mkono mwingine, inasoma vile vile, nzuri.

Nami nilinenepa. Siku moja mama Abdalah alinipaka mafuta mguu ule usiovunjika, akaukanda kuanzia kisigino, huku anasikiliza habari za papai linalohema. Tangu mume wangu afariki hakuna aliyeushika mguu wangu, isipokuwa kwa kuupima. Nilisahau nilipofika katika hadithi. Ikabidi anikumbushe.

Lakini nisijipambe sana. Kengele ya pili ikilia wanatoka wote, na ninabaki natazama mlango. Nilikuwa nimesalimiwa na nusu ya Kasulu. Najua mtoto wa nani ana kifafa, nani anagombana na mkwewe, nani anaficha mimba. Na katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza jina langu. Nilikuwa bibi wa mguu. Wakishapata habari ya Anifa wanaondoka na habari hiyo, mimi wananiacha pale pale kwenye kamba. Nilikuwa kama redio. Watu wanaipenda redio, lakini hakuna anayeiuliza imelalaje.

Basi Daktari Khatibu akaja, akapima mwenyewe, akafurahi. "Mama Twalibu, kesho asubuhi tunakupasua. Sijui umefanya nini, lakini endelea hivyo hivyo. Ukitoka huko utalala wodi ya upande wa pili, ya waliopasuliwa, kisha nyumbani."

Anifa akanishika mkono kutoka kitandani kwake, mikono yetu ikakutana katikati. "Bibi, ni wewe. Mungu akulipe."

Nikasema amina. Lakini lililobaki sikioni ni wodi ya upande wa pili. Akihama, nao wanahama. Mama Abdalah atahama na mafuta yake. Getini watasema tunamwona mama Twalibu, wodi ya upande wa pili, na Bazilio atasahau kama niko hai.

Nikachukua simu nikampigia Nickson. Sikumpigia kumlilia, sikuwa nimefikia huko. Nilitaka tu nimsikie.

"Mama! Unaendeleaje?"

"Naendelea. Mguu unavutwa, mimi nimekaa tu."

"Nani anakuangalia?"

"Nani haniangalii? Mwanangu, hapa napokea wageni mpaka mlinzi anakanyagwa. Kuna anayenipaka mafuta, kuna anayeniletea migebuka. Sina hata pa kuweka mabakuli."

Akacheka kwa furaha, nikasikia pumzi inamtoka kama mtu aliyetua mzigo. "Afadhali, mama. Nilikuwa nimeomba ruhusa nije Jumamosi, nilijua uko peke yako. Kama una watu hivyo, basi ngoja nije mwezi ujao, nitulize kazi kwanza."

Hapo ningeweza kusema. Maneno yalikuwepo, yamejipanga mdomoni kama watoto wa shule. Nikasema, "Vizuri, baba. Kazi kwanza." Simu ikakatika, nikaiweka chini ya mto, nikalala juu yake.

Mchana ule, kabla ya kengele, Anifa akanigeukia.

"Bibi, leo kuna mmoja usimpokee wewe. Dada yangu Zaitun anatoka Manyovu. Ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Kesho naingia kwenye kisu, nataka nimwone kwanza. Wengine wote wapokee, ila huyo niamshe."

"Nitakuamsha."

"Usisahau, bibi. Gari la kumrudisha linaondoka mapema."

"Nimezeeka mguu, sijazeeka kichwa. Lala."

Akalala. Siku hiyo wageni walikuwa wachache, maana mji ulishasikia ni kesho, na wengi walijiwekea akiba waje akishapasuliwa, kuna zaidi ya kuona. Hata mama Abdalah hakuja. Kiti changu kilikuwa kitupu. Nikawa nakitazama.

Akaingia mwanamke mrefu, mwembamba, amejitanda khanga mbili, viatu vina vumbi jekundu la njiani. Hakubeba mabakuli, kikapu tu. Akasimama miguuni pa Anifa, akamwangalia alivyojifunika, asimguse. Nikajua ni yeye hata kabla hajasema. Walikuwa na paji moja la uso.

Nilifungua mdomo nimwite Anifa. Naapa nilifungua.

Yule mwanamke akanigeukia kwanza. Akaja mpaka kwangu, akapiga goti kidogo, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama tunavyofundishwa nyumbani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni Zaitun, dada wa huyu. Nawe bibi, unaitwa nani?"

Ilibidi nilitafute jina langu mwenyewe, kwa jinsi lilivyokaa bila kuulizwa. "Ernesta," nikasema. "Wa Kumsenga, kule Kibondo."

"Bibi Ernesta. Mbali hivyo! Na wewe ilikuwaje?"

Mdomo uliokuwa umefunguliwa kumwita Anifa ukageuka, ukaanza na kigoda. Nikamwambia nitamaliza haraka. Nikamweleza maharage, na jirani aliyekuwa anasemwa, na alisemwa nini, na ka! ilivyolia. Zaitun alikaa kwenye kiti changu. Alicheka mahali pa kucheka, na mahali pasipochekesha, pale binti wa kaka yangu alipoondoka, hakucheka. Mkono wangu hakuuachia. Nikamwambia habari za mume wangu, ambazo hazihusiani na mguu hata kidogo. Nikamwambia habari za Nickson alipokuwa mdogo. Jua lilisogea ukutani, nami naliona linavyosogea, nikaacha kuliangalia.

"Bibi Ernesta," akasema mwisho, "gari la Manyovu linajaa sasa hivi. Hebu nimwamshe mdogo wangu niagane naye."

"Usimwamshe!"

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Akashtuka.

"Mbona?"

"Daktari amekataza. Amempa dawa ya usingizi, kali. Amesema asiguswe mpaka kesho."

"Mpaka kesho? Hata kunisikia hatanisikia?"

"Hasikii chochote. Tangu asubuhi yuko hivyo hivyo. Hata mimi hajaniambia neno. Kaa tu kidogo, nitamwambia ulikuja. Ninawaambia wote, hajawahi kulalamika mtu."

Zaitun akaangalia kitanda cha mdogo wake, machozi yakamlengalenga. "Nimetoka nyumbani alfajiri, bibi. Na kesho anapasuliwa."

"Ndiyo maana alale," nikasema, na kwa kuwa alikuwa ameanza kuinuka, nikaongeza, ulimi ulishateremka mlima bila breki: "Hebu msikilize mwenyewe. Si unasikia anavyokoroma?"

Tukasikiliza, yeye na mimi. Wodi ilikuwa kimya kabisa.

Chini ya khanga ikatoka sauti ndogo, kavu, ya mtu aliyeamka zamani.

"Dada, niko macho. Nimekusikia tangu kwenye kigoda, nikamwachia bibi amalize. Hakuna dawa niliyopewa, nilimwomba bibi aniamshe ukifika. Na mimi sikoromi."

Zaitun akanigeukia polepole. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mikono yake, na hakujua aufanye nini. Nami sikujua. Nikafumba macho, nikageuzia uso upande wa pili, nikakoroma mimi.